Machicha ya Popo

Doa la kwanza lilionekana kwenye kanzu ya mtu aliyekuwa amesujudu upande wa ukutani. Sikuliona kwa macho yangu. Mimi ni Mkristo, tena mwanamke, na ua wa msikiti ule sikuwahi kuukanyaga. Habari niliipata kwa mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga chumba cha juu, naye aliipata kwa maalim aliyekuwa akisalisha pale. Lilikuwa doa la manjano, ukubwa wa kifungo cha shati, na kando yake kidonge kikavu chenye nyuzinyuzi. Mwenye kanzu alirudi kwake kubadilisha, akaswali upya.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa kaskazi, wiki chache kabla ya Ramadhani. Nyumba ilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hawapishani. Uani palikuwa na mkungu mmoja mkubwa, ule mti uzaao kungu, na nyuma ya ukuta wa ua ndipo penye msikiti mdogo na birika la kutawadhia. Tawi moja la mkungu lilivuka ukuta likasimama juu ya birika. Kwa miaka mingi hakuna aliyelisema. Mwaka ule mifereji ilikuwa ikikauka siku tatu kwa wiki, watu wakawa wanalitegemea birika na kulitazama kwa makini zaidi, na waliyoyaona yakielea hayakuwapendeza.

Maalim alikuja mwenyewe. Alibisha hodi, akauliza hali ya mgonjwa, akauliza hali ya mama, akauliza hata hali yangu mimi niliyekuwa nikiteremka ngazi na ndoo. Kisha akasema alichotumwa. Jamaa wa msikitini walikuwa wamekubaliana kwamba popo wanaleta najisi, na popo hufuata mkungu, basi mkungu ukatwe kabla mwezi haujaandama. Aliyasema haya akitazama chini, kama mtu asomaye barua ya mwenziwe.

Mama mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mti nitaukata, maalim," akasema. "Na huyu mtu wangu nimpeleke wapi?"

Mtu wake alikuwa mumewe. Alikuwa mwendeshaji winchi bandarini hadi kiharusi kilipompooza upande wa kulia, na sasa ulikuwa mwaka wa pili amelala kwenye kitanda cha kamba, chumba cha chini, karibu na dirisha la uani. Chumba kile kilielekea jua la alasiri. Mkungu ndio uliolizuia. Na dirisha lile halikuwa na kitu kingine cha kuonyesha: majani, matawi, na jioni popo. Maneno yake yalitoka polepole lakini yalitoka sawasawa, na mzaha haukumpungukia. Nilipoingia mara ya kwanza kumwamkua aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia milima ya Taita.

"Kwenu mwawala hawa?" akauliza, akionyesha dirishani kwa kidevu.

Nikamwambia kwetu hatujafika huko, ila tumewahi kuwapima.

Ilikuwa kweli. Kabla ya kupata kazi Mombasa ya kutunza maabara katika shule moja ya sekondari upande wa Tononoka, nilifanya kazi misimu miwili nyumbani nikimbebea nyavu mtafiti mmoja katika msitu wa juu, ule unaolowa ukungu mwaka mzima. Huko nilijifunza kumshika popo bila kumvunja bawa, kumpima kigasha, yaani mfupa wa kutoka kiwiko hadi kifundo, na kuandika kabla ya kumwachilia. Kuandika ndiko kulikobaki nami. Nilipohamia Mji wa Kale na kukuta popo wa matunda mkabala na dirisha langu, nilinunua daftari la kurasa mia moja na kulichora safu: tarehe, saa, hali ya hewa, wangapi, wanafanya nini.

Katika kurasa za mwanzo kuna kosa ambalo sijalifuta. Niliandika aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa na vishungi vyeupe mabegani, na ililia, mlio mmoja mmoja kama kijiko kikigonga chupa. Aina ya pili haikuwa na weupe wowote isipokuwa vidoa chini ya masikio, na ilikuwa kimya. Nilimsomea mzee ukurasa huo, kwa kuwa alipenda kusomewa. Akacheka kwa upande wa uso uliokuwa ukimtii.

"Huyo mwenye meupe ni bwana harusi," akasema. "Yuwaita. Hao wengine waja kumtazama, wakimpenda wakae, wasipompenda wende zao. Nimewatazama mwaka mzima, mwanangu. Mimi nina kazi gani nyingine?"

Nilitazama upya siku kumi. Alikuwa amesema kweli: dume na majike wa aina moja. Niliandika pembeni, "Amesahihisha mzee."

Basi ile jioni ya maalim, mama mwenye nyumba alimweleza kwamba mpangaji wake wa juu huandika habari za popo. Sidhani alikuwa na shabaha yoyote, alikuwa akitafuta la kusema tu. Maalim aliniomba nishuke. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na alivyouliza maswali ungedhani ni karani wa mahakama. Aliniuliza popo hawa wanakula nini. Nikasema kungu, mapera, zambarau zikiwapo, tini pori. Wadudu? Hapana, wa wadudu ni wengine, wadogo zaidi. Kisha akauliza lile alilolitaka hasa.

"Yuwala akameza, au yuwatafuna akatema?"

Sikuelewa lina uzito gani. Akanifafanulia kwa subira, kana kwamba nilikuwa mwanafunzi wake. Kinachotoka tumboni kwa mnyama, kwa chini au kwa juu, ni najisi. Lakini mate ya mnyama aliye hai, asipokuwa mbwa au nguruwe, ni safi. Ikiwa vile vidonge vinavyoanguka ni mavi, jamaa wana haki. Ikiwa ni tunda lililotafunwa likatemwa kabla ya kushuka kooni, basi ni uchafu wa kufagiwa tu, kama jani. Mkungu ulikuwa umesimama juu ya swali hilo.

Nilimwambia nadhani hutema.

"Wadhani, au umeona?"

Nikakiri kwamba sijaona. Msituni tulikuwa tukiwapima na kuwaachilia papo hapo. Vidonge nilikuwa nimeviokota, mdomo ukivitoa sikuwahi kuuona.

"Basi tazama," akasema. "Mimi nikienda kwa jamaa na dhana, watanirudisha na dhana yao." Akatuachia wiki tatu.

Nilianza na dirisha langu. Nilifunga mapera yaliyoiva kwenye nondo, nikazima taa, nikakaa kwenye kona na leso mkononi. Jioni mbili walikuja wakachukua pera wakaenda nalo mkunguni, kwa mabawa yaliyonipepea uso. Jioni ya tatu mmoja alikosea njia akaingia chumbani, akazunguka mara mbili, akatua kwenye kamba ya nguo. Nilimrushia leso. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana na alininusia glavu za maabara kwa pua ndefu kama ya mbwa mdogo.

Alikuwa jike, mzima, hana mimba. Kigasha chake kilitoshana na kidole changu cha kati. Vidoa viwili vyeupe chini ya kila sikio. Mwalimu wa bayolojia alikuwa ameniazima kitabu cha kutambulisha wanyama, na humo kulikuwa na jambo ambalo mtafiti wangu wa milimani hakuwahi kunionyesha: popo hawa wa mabega meupe wana aina zinazofanana mno kwa nje, na anayetaka kuzitofautisha lazima awatazame kaakaa. Kaakaa lina matuta yanayokingama, na hesabu ya matuta nyuma ya jino la mwisho ndiyo inayoamua. Nilimfungua kinywa kwa kijiti cha kibiriti, tochi ikiwa imebanwa shingoni. Matuta yalikuwa yamepangika kama ya shamba la viazi, manene, na nyuma ya jino la mwisho palikuwa na moja tu. Niliangalia mara tatu. Moja. Nikaandika jina lake lote la Kilatini kwenye daftari, kwa mara ya kwanza bila alama ya kuuliza. Ndipo nilipofikiri: kinywa chenye matuta kama haya ni kinywa cha kukamulia.

Jirani wa mkabala alikuwa na tundu tupu la kasuku. Tulimweka popo humo na kulitundika kwenye dirisha la mzee, ndani, ili naye aone. Maalim alikuja kesho yake baada ya Magharibi. Tulikuwa wanne: mzee kitandani, mkewe kwenye kigoda, maalim kwenye kiti kilichotolewa sebuleni, na mimi nimesimama na tochi niliyoifunika kwa karatasi nyekundu. Chini ya tundu nilikuwa nimetandaza gazeti, na juu ya gazeti karatasi nyeupe.

Popo hakutaka kitu kwa muda. Alining'inia amejifunika mabawa, akituangalia kwa macho makubwa. Mzee akasema ana haya, hajazoea kula mbele ya wanaume. Mkewe akamwambia anyamaze. Kisha pua ikaanza kucheza, akajivuta, akauma kipande cha pera na kukishikilia kwa kidole gumba cha bawa. Akatafuna. Mashavu yakajaa, taya likapanda na kushuka harakaharaka, koo likawa linameza kitu chepesi. Kisha akatulia kabisa, midomo imefumba, kama mtu anayekaza kitu kwa ulimi. Tukaona mdomo ukifunguka kidogo na kidonge kikaanguka kwenye karatasi. Kilikuwa bapa, cha rangi ya pera, na juu yake palikuwa na mistari iliyokingama. Matuta ya kaakaa yalikuwa yamejichapa pale.

Mama mwenye nyumba aliinama akakitazama kwa karibu. Mikono yake ilikuwa ingali na harufu ya nazi ya chakula cha jioni.

"Yuwakama tui huyu," akasema taratibu. "Yuwanywa tui, yuwatupa machicha."

Hakuna maelezo katika kitabu nilichoazimwa yaliyoshinda hayo. Nyumba yoyote ya pwani inajua machicha ni nini: yale makapi ya nazi yanayobaki kwenye kifumbu baada ya kukamuliwa, ambayo hayakuingia chunguni wala tumboni mwa mtu. Maalim alinyoosha mkono, akakiokota kidonge kwa vidole viwili, akakifinya. Kilikuwa karibu kikavu. Akakirudisha mahali pake na hakufuta vidole. Mama aliona, nami niliona.

Angeondoka wakati huo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini popo aligeuka. Alishika nondo kwa vidole gumba, akaachia miguu, mwili ukaning'inia kichwa juu, na mara tone la majimaji ya manjano likaanguka kwenye karatasi nyeupe, nusu inchi kutoka kwenye machicha.

Mzee alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Na hayo je, maalim?" akasema. "Hayo nayo ni tui?"

Maalim alicheka pia, kwa adabu, kisha akageuka kwangu na kusema hilo nalo niliandike. Alichotaka sasa ni kujua vinavyoanguka birikani ni vya namna gani, na kwa kiasi gani. Tukakubaliana juu ya shuka mbili nyeupe zilizochakaa. Moja ningeitandaza mimi uani kila jioni, chini ya mkungu. Nyingine angeitandaza yeye upande wake, kwenye ubao juu ya birika, na asubuhi angeipitisha mlangoni ikiwa imekunjwa. Popo tulimwachilia kabla ya Isha. Aliruka moja kwa moja mkunguni, na bwana harusi akaendelea kugonga chupa yake.

Kazi ya shuka ilichukua asubuhi saba. Kabla ya kwenda shule niliketi uani na sinia mbili na koleo la maabara, nikichambua. Shuka ya uani haikuwa na utata. Ilijaa machicha, kokwa za kungu zilizogugunwa pande zote, na madoa machache tu. Chini ya mkungu popo walikuja kula na kutema.

Shuka ya birika ilinionyesha jambo jingine tangu asubuhi ya pili. Machicha yalikuwapo, lakini madoa ya kweli yalikuwa mengi zaidi, tena yamepangika kwenye mstari mmoja. Nilipotazama jioni nilielewa sababu. Lile tawi lililovuka ukuta halikuwa meza yao, lilikuwa njia. Walilipitia wakitoka, na popo anaporuka hujipunguzia uzito kwanza.

Mama mwenye nyumba alikuwa akinitazama kila asubuhi kutoka jikoni. Siku ya saba alikuja na ndoo yake akasimama karibu na sinia.

"Hiyo ya maalim si lazima uichambue yote," akasema. "Ukisema machicha, umesema kweli. Yamo."

Yalikuwamo. Hakuna neno la uongo ambalo ningehitaji kulisema. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake karibu mwaka, kodi yangu hakuiongeza, na nilipougua malaria alinipikia uji siku nne. Dirisha la mzee lilikuwa wazi nyuma yetu, naye alikuwa macho, kwa maana nilimsikia akikohoa. Nilisema nimeshaandika siku sita, na nikaendelea na koleo. Akachukua ndoo akaenda.

Jioni ile nilimsomea maalim barazani. Nilisoma safu zote mbili, siku baada ya siku, bila kuongeza maneno. Mama alisimama ndani ya mlango, amejifunika buibui. Nilipomaliza, maalim aliniuliza kama mimi naona mti ukatwe. Nikamwambia hilo si la daftari langu. Lakini nilikuwa nimechora ramani ya mkungu, matawi yakiwa na namba, na madoa nimeyaweka yalipoanguka, na nikampa. Aliitazama muda mrefu. Kidole chake kikapita juu ya mstari wa madoa mpaka kwenye tawi namba nne, kikasimama hapo.

"Ni hili peke yake?"

"Ni hili."

Alisema maji ya birika ni mengi, hayakugeuka rangi wala harufu wala ladha, kwa hiyo hata kabla ya shuka zangu kisheria yalikuwa safi. Angewaambia jamaa hivyo. Machicha angewaambia ni machicha. Lakini mtu akishatia shaka maji anayotawadhia, ibada yote humwia nzito, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Tawi namba nne litoke. Mti ubaki. Akamgeukia mama mlangoni, akamuuliza kama atakuwa radhi. Mama akasema yeye ni nani asiwe radhi, na kwamba mkwezi atamtafuta mwenyewe.

Mkwezi alikuja Jumamosi na panga na kamba. Mama ndiye aliyeshika ncha ya kamba huku chini, ili tawi lisiangukie ukuta wa msikiti, na alilishusha polepole kama mtu anayeshusha mzigo wenye vyombo. Baada ya hapo alifagia majani mwenyewe.

Kilichofuata hakikuwa kwenye ramani yangu, ingawa kilipaswa kuwemo. Nilipima madoa, sikupima kivuli. Tawi namba nne ndilo lililokuwa likizuia jua la saa kumi. Jumapili ile jua lilipita pale palipokuwa na majani, likaingia dirishani, likapanda kitandani mpaka kwenye mto wa mzee na kukaa usoni mwake zaidi ya saa nzima. Hakulalamika. Mkewe alipoingia alimkuta amefumba macho, jasho linamtiririka. Tulijaribu kusogeza kitanda, lakini chumba kilikuwa chembamba na upande wa pili palikuwa na kabati na mlango.

Mama alichukua jamvi kuukuu akalipigilia misumari juu ya dirisha. Chumba kikapoa, kikawa giza. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu, nami sikumlaumu. Siku ya tatu aliniita nikiwa ngazini. Alisema mzee amesumbua mchana kutwa, ataka jamvi lifunguliwe jua likizama, na yeye saa hiyo huwa kwenye mswala. Akaniuliza kama nitaweza.

Basi ikawa kazi yangu. Kila siku adhana ya Magharibi ilipokwisha niliingia chumbani na kulikunja jamvi hadi juu na kulifunga kwa uzi. Chumba cha pili mama alikuwa akisali. Mzee alisali vilevile alivyolala, kwa ishara za macho na mkono mmoja, nami nikasimama kando ya dirisha nikimpa mgongo mpaka amalize. Kisha akauliza, kila siku kwa maneno yaleyale, kama wamekuja.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani walichelewa. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watu wengi kuliko siku zote, ndoo zikigongana kwenye birika, na nilisikia sauti ya maalim ikimwambia mtu apishe wengine. Mzee aliuliza mara mbili, nikamjibu bado. Mwishowe kivuli kimoja kilipita pale tawi lilipokuwa, kikasita hewani, kikarudi na kutua kwenye tawi la chini, karibu na dirisha kuliko walivyowahi kutua. Nilimulika kwa tochi nyekundu.

"Ana meupe?" akauliza mzee.

"Hana."

"Jike. Hebu zima hiyo taa, wamtisha."

Nilizima taa, nikaandika saa kwa kupapasa.